Ashakum si Matusi

Wenyeji wa Pwani wana desturi ya kutanguliza maneno haya kabla ya kutaja jambo ambalo mdomo huona haya kulitaja. Msemaji husema "ashakum si matusi", kisha hutamka alilokusudia, na msikilizaji, akiwa mtu wa adabu, huwa hana tena haki ya kukasirika. Nasi twayatanguliza maneno hayo leo, kwani katika kurasa hizi tutataja mkojo, mavi, makamasi, usaha, makohozi na mengine yatokayo katika mwili wa binadamu, na tutayataja kwa majina yake. Msomaji aliye mezani na amalize kula kwanza.

Hatukuanza kuyafikiria mambo haya tukiwa maktabani. Tulianza kwa kosa letu wenyewe, nalo ni kosa ambalo mwalimu yeyote wa Kiswahili angeweza kulitenda, tena kwa nia njema.

Mwaka 2019 tulikuwa tukisomesha Kiswahili jioni kwa watu wazima huko Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi ya Uganda. Nakivale ni mojawapo ya makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Yalitambuliwa rasmi mwaka 1960, yakiwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza mwaka 1959, na tangu hapo yamepokea watu wa kila upande: Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Sisi bado tuna mazoea ya kusema "Nakivale ya Mbarara", ingawa tangu mwaka 2005 eneo hilo limo katika wilaya ya Isingiro, iliyomegwa kutoka wilaya ya Mbarara. Mtu atokaye Mbarara mjini hupita katikati ya migomba na ng'ombe wenye pembe ndefu, kisha nchi huzidi ukavu, vumbi huongezeka, na hatimaye huliona ziwa.

Kwa mwalimu wa lugha ni vigumu kupata mahali palipo bora kuliko hapo. Ukipita sokoni Kashojwa wasikia Kiswahili cha Kivu, kisemacho "bintu" pale ambapo vitabu vyetu vyasema "vitu". Hatua tatu mbele wasikia Kirundi, kisha Kinyarwanda, kisha Kinyankore cha wenyeji, kisha Kisomali dukani. Kiswahili ndicho daraja la wote hao, lakini ni daraja ambalo kila mmoja ameweka ubao wake, na mbao hazilingani urefu.

Kwa kuwa tulijulikana kuwa ni walimu, mara kwa mara tuliombwa kwenda kutafsiri katika kituo kimoja cha afya. Waganga wengi wa pale walisema Kiingereza na Kinyankore. Wagonjwa wengi walisema Kiswahili cha Kongo. Sisi tulikaa katikati, kwenye kiti cha plastiki, na tuliona fahari kidogo kukikalia.

Siku moja aliletwa mzee mmoja kutoka upande wa Rutshuru. Alikuwa amekohoa kwa zaidi ya majuma matatu, amekonda, na usiku alikuwa akilowa jasho. Aliletwa na mkaza mwana wake, mwanamke kijana aliyebeba mtoto mgongoni, ambaye alisimama mlangoni akiangalia chini kama ilivyo heshima ya kwao. Mganga alisikiliza kifua, akaandika, kisha akatoa vikopo viwili vyenye vifuniko. Akatuambia tumweleze mzee alete makohozi: kopo moja sasa hivi, na la pili kesho asubuhi mara aamkapo.

Hapo ndipo ulimi wetu ulipotuangusha. Tulimtazama mzee, tukamtazama mkaza mwana wake mlangoni, na neno "makohozi" likatukwama. Lilituonekea kuwa neno zito, la kutia kinyaa, lisilofaa kutamkwa mbele ya mkwe. Tukasema, kwa sauti ya upole: "Mzee wetu, daktari anaomba mate yako. Kidogo sasa, na mengine kesho asubuhi kabla hujala kitu."

Mzee akaitikia. Akatoka nje, akarudi na kopo lenye mate meupe, masafi, yenye povu. Kesho yake akaleta mengine kama hayo. Majibu yalipotoka hapakuonekana kitu. Alipewa dawa ya kikohozi cha kawaida akarudi nyumbani.

Wote waliosoma habari za kifua kikuu wameshatambua kilichotokea. Mate hutoka katika tezi za kinywani. Makohozi hutoka chini, katika mapafu na njia za pumzi, nayo ndiyo yanayobeba vimelea vya ugonjwa huo. Kumpima mtu kifua kikuu kwa kutumia mate ni sawa na kutafuta samaki katika ndoo ya maji ya mvua. Mashine huweza kuwa nzuri namna gani, haiwezi kuona kisichowekwa ndani yake.

Baada ya miezi miwili mzee alirudishwa akiwa hajiwezi, na yule mtoto wa mgongoni naye alikuwa akikohoa. Safari hii alipokelewa na mtaalamu wa maabara, mama wa Kikongo, ambaye hakutaka mkalimani. Alimtoa mzee nje kwenye upepo, akamwambia asukutue kinywa kwa maji, avute pumzi ndefu mara mbili, na mara ya tatu akohoe kutoka chini kabisa ya kifua. Yeye mwenyewe alimwonyesha, akakohoa kwa nguvu hata kuku wa jirani wakakimbia. Yaliyotoka yalikuwa mazito na ya manjano. Majibu yalikuja, na ugonjwa ulikuwamo. Mtoto naye alianzishiwa dawa.

Tulipokwenda kumwamkia, mzee alitutazama bila hasira yoyote akasema: "Mwalimu, si ulisemaka mate? Ni mate nilileta."

Hatukuwa na jibu. Kwa muda wa miezi miwili mzee huyo alilala nyumba moja na watoto, akikohoa, kwa sababu mwalimu wa Kiswahili aliona haya kutamka neno moja la Kiswahili.

Tumejaribu sana kujitetea nafsini mwetu, na utetezi wenyewe si wa bure. Heshima ya wakwe ni jambo kubwa katika nchi hizi. Wanyarwanda walikuwa na desturi iitwayo gutsinda, ambayo kwayo mwanamke aliyeolewa hakutaja jina la baba mkwe wake, wala hata neno la kawaida lililofanana na jina hilo. Ilimbidi atafute neno jingine. Wazulu na Waxhosa wa Afrika Kusini wana desturi ya namna hiyo hiyo waiitayo hlonipha. Basi hatukuwa wapumbavu kuona kwamba mbele ya mkwe maneno huchaguliwa. Lakini tazama tofauti. Mwanamke wa Kinyarwanda aliyeacha neno moja alitafuta jingine lenye maana ile ile, na jamaa zake wote walimwelewa. Sisi tuliacha neno moja tukachukua lenye maana nyingine.

Na ajabu ni kwamba neno lenyewe lilikuwa tayari limebeba maelezo yote. Kutokana na "kupumua" twapata "pumzi". Kutokana na "kukohoa" twapata "kohozi". Kohozi ni kile kikoholewacho. Kinyarwanda nacho kimepita njia hiyo hiyo: "gukorora" ni kukohoa, na "igikororwa" ni kohozi. Mzee yule alikuwa akisema Kinyarwanda tangu utoto wake. Lau tungalisema tu "kile unachokikohoa", angalifahamu pale pale, na mkaza mwana wake asingalidhurika kwa lolote. Mate hutemwa, makohozi hukoholewa. Vitenzi viwili vingalitosha. Watu wa Pwani wana pia neno "belghamu", walilolipata katika Kiarabu, nalo lina heshima zaidi masikioni mwa wengi, lakini Kashojwa hatukumpata hata mtu mmoja aliyelijua.

Tangu siku hiyo tulibadili masomo yetu ya jioni. Tuliacha kwa muda habari za sokoni na za nyumbani, tukawaomba wanafunzi wetu walete maneno waliyoulizwa hospitali wasiyaelewe. Mwanzoni walicheka. Kisha walileta mengi kuliko tulivyotazamia, na karibu yote hayakuwa maneno machafu. Yalikuwa maneno ya adabu.

Mama mmoja wa Kirundi alisimulia kuwa aliambiwa: "Kesho ulete choo." Alirudi nyumbani amefadhaika. "Choo cha kwetu," alituambia, "ni cha shimo, kimejengwa kwa miti na turubai. Nitakileta namna gani?" Darasa zima lilivunjika mbavu, naye akacheka pamoja nasi, lakini siku ile hakucheka, na siku ya pili hakwenda hospitali. Sisi tuliozaliwa katika lugha hatuoni tena kwamba "choo" ni jengo na pia ni kitokacho mwilini. Twasema "choo kigumu", "kupata choo", "kupima choo", na ngeli yenyewe haitusaidii, kwani jengo na kitu vyote viwili huchukua ki- na vi-. Kitu kidogo kama "choo chako, kiasi cha kijiko" kingalimwokoa mama huyu safari nzima.

Mwingine, Mkongo wa Fizi, aliulizwa na muuguzi: "Umejisaidia leo?" Akajibu kwa moyo mkunjufu kwamba ndiyo, anajisaidia sana, ana shamba la maharagwe na kuku watano. Twaweza kumlaumu? Katika makazi ya wakimbizi neno "msaada" husikika kila siku, na mtu anayejisaidia ni mtu wa kusifiwa. Muuguzi aliandika kwamba mgonjwa amepata choo, na sivyo ilivyokuwa.

"Msala" nalo lilituletea mjadala mrefu. Kwa Mwislamu wa Pwani msala ni mkeka au zulia la kusalia. Na papo hapo, mtu akisema aenda msalani, kila mtu ajua aendako, na si kusali. Kijana mmoja wa Kisomali alishtuka mno kusikia hivyo, akauliza Waswahili wanawezaje. Tulimjibu kuwa lugha zote zina mambo ya namna hiyo, na kwamba hata yeye akienda Kampala yampasa awe mwangalifu. Mnyarwanda na Mrundi husema "amazi" wakimaanisha maji. Luganda nayo ina "amazzi" kwa maana ya maji, yenye z inayokazwa. Lakini "amazi" kwa z nyepesi ni mavi. Mrundi mwenye kiu akiomba kinywaji katika mgahawa wa Kampala kwa lugha ya mama yake, hatujui ataletewa nini.

Twarudi kwenye mavi, ashakum tena. Neno hili si tusi kwa asili yake. Ni neno la kale la Kibantu, lenye ndugu zake katika lugha nyingi, kama "amabyi" ya Kinyarwanda, na Waswahili wamelitumia bila haya katika mambo mengine: takataka zibakiazo baada ya kuyeyusha chuma huitwa mavi ya chuma. Hata kitenzi "kunya", ambacho leo mwanafunzi akikitamka darasani hupigwa jicho, kilikuwa kikitumika kwa mvua. Wazee walisema mvua yanya, na kutoka hapo tumepata "kunyesha". "Kinyesi" ni mtoto wa kitenzi hicho hicho, aliyevaa shati safi. Hatusemi kwamba mwalimu aingie darasani na kutamka "kunya" kila dakika. Twasema tu kwamba mgonjwa asiyejua neno jingine asichekwe alitamkapo, na mkalimani asijifanye hakusikia.

Kuna wakati ambapo neno la jumla halitoshi hata kidogo. Wengi wa wanafunzi wetu wa Kivu walikuwa na ndugu waliokuwako Goma mwezi wa Julai 1994, wakati Wanyarwanda kati ya 500,000 na 800,000 walipovuka mpaka katika muda wa siku chache. Kipindupindu kiliingia, kikafuatwa na kuhara damu, na katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000. Mama mmoja aliyekuwa msichana mdogo wakati ule alituambia kuwa kwa watu wa kwao yote yaliitwa kuhara tu. Lakini hayo ni magonjwa mawili. Mwenye kipindupindu hutoa choo cha maji matupu, cheupe kama maji yaliyooshewa mchele, na kinachomwua ni kukauka maji mwilini. Mwokozi wake wa kwanza ni maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo, au ya mshipa akizidiwa. Mwenye kuhara damu hutoa choo kidogo kidogo, kwa maumivu, chenye damu na ute, naye huhitaji dawa ya kuua vijidudu. Mganga hawezi kuchagua njia kama mkalimani anamletea neno moja kwa yote mawili.

Basi tulifanya mazoezi ya kuuliza. Si "Mtoto anaharisha?" peke yake, bali: Tangu jana ametoa choo mara ngapi? (Waganga huhesabu kuwa ni kuhara iwapo ni mara tatu au zaidi kwa siku.) Kikoje? Chepesi au maji? Kina damu? Kina ute? Anakojoa kama kawaida, au mkojo umepungua? Akilia, machozi hutoka? Swali la mwisho huwashangaza watu, lakini mtoto aliyekaukiwa maji hulia bila machozi, na mama yeyote ajua kulijibu. Wanafunzi walipenda mazoezi haya kuliko shairi lolote tulilowahi kuwasomea, jambo ambalo lilituumiza kidogo.

Kuhusu "kuendesha" hatutasema mengi. Ni neno la barabarani, huchanganya tumbo na gari, na dereva mmoja wa bodaboda alituomba tulifute kabisa.

Jambo lililotutia uzito zaidi hatukulisikia sisi wenyewe. Tuliambiwa na mwalimu mwenzetu wa kike, ambaye wanawake walimfungukia baada ya darasa. Wengi wao walikuwa wameulizwa na wakalimani: "Unatokwa na uchafu?" Na wengi walijibu hapana. Mmoja alikuwa na maumivu ya tumbo la chini kwa mwaka mzima, na usaha ukimtoka, lakini alijibu hapana, kwa sababu alikuwa akioga kila siku asubuhi na jioni, hata siku ambazo maji yalikuwa ya kugombaniwa, na hakuna mtu ambaye angemwita mchafu mbele ya mume wake. Aliulizwa habari za ugonjwa akasikia habari za tabia.

Neno "uchafu" kwa jambo hili limeenea mno, hata katika vijitabu vya afya vilivyoandikwa vizuri, na twaona kuwa ni neno baya. Si kwa sababu ni tusi, bali kwa sababu linahukumu kabla ya kueleza. Mwili wa mwanamke mwenye afya hutoa ute wa kawaida. Huo si uchafu wala si ugonjwa. Ukibadilika rangi, ukinuka, ukiwasha, ukiwa na usaha au damu, hapo pana la kumwambia mganga. Kiswahili kinayo maneno: ute, majimaji, usaha, damu. Kila moja laeleza kitu kinachoonekana kwa macho. "Uchafu" halielezi chochote, lasema tu kwamba kitu hicho hakipendezi.

Madhara ya kuita kitu uchafu twayaona pia mahali pasipotazamiwa. Maziwa ya kwanza ya mama baada ya kujifungua, yale mazito ya manjano, Waswahili huyaita "dang'a" na Wanyarwanda huyaita "umuhondo", kwa ajili ya umanjano wake. Yana kinga nyingi kwa mtoto mchanga. Lakini wanawake watatu katika darasa letu walisema kwamba makwao bibi wa nyumba aliamuru yakamuliwe na kumwagwa, kwa kuwa ni maziwa machafu. Walikuwa na jina zuri la kitu hicho, na bado uchafu ulilishinda.

Katika mazungumzo hayo tulipata mwalimu ambaye hatukumtarajia. Alikuwako mzee mmoja wa Kisomali, mtu wa dini, ambaye Kiswahili chake kilikuwa kidogo na aghalabu alikaa kimya. Siku tuliyotaja kwa woga neno "hedhi", yeye aliinua kichwa. Akaanza kutueleza, nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kiarabu, bila kupepesa macho, kwamba damu ya mwanamke si moja. Iko hedhi, nayo katika madhehebu ya Shafii haizidi siku 15. Iko nifasi, ya baada ya kuzaa, ambayo kwa kawaida ni siku 40 na haizidi 60. Damu itokayo nje ya mipaka hiyo huitwa istihadha, na yenyewe ina hukumu nyingine katika sala na saumu. Kisha akapita kwa wanaume: manii, madhii, wadii, na lipi linahitaji josho na lipi linatosha kwa udhu. Alisema yote hayo kama mtu asomaye bei za unga.

Tulistaajabu, na haikustahili tustaajabu. Maneno hayo hayo hufundishwa katika vyuo vya Lamu, Mombasa na Unguja tangu zamani, kwa wavulana na wasichana, kwa sababu ibada haiwezi kutimia bila kuyajua. Hapo hapana haya, kwa kuwa pana jambo kubwa linalotegemea usahihi. Mkunga akiwasikiliza masheikh hao atatambua mara moja kwamba swali lao la istihadha na swali lake la damu isiyo ya kawaida ni ndugu wa karibu sana. Tulimwuliza mzee iwapo haoni haya kuyasema mbele ya wanawake. Alijibu kuwa haya ni kutojua.

Baadaye tulikwenda Mbarara na orodha yetu ya maneno, tukitafuta mtu wa kuisahihisha. Mji huo una hospitali kubwa ya rufani na chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1989, ambacho kimekuwa na sifa ya kufundisha madaktari tangu mwanzo wake. Mwanafunzi mmoja wa udaktari alitupokea kwa ukarimu katika kantini. Yeye alikuwa na daftari lake la maneno ya Kinyankore aliyojifunza ili aongee na wagonjwa, lakini hakuwa na ukurasa hata mmoja wa Kiswahili, ingawa wagonjwa kutoka Nakivale huletwa pale. Alinakili orodha yetu yote kwa mkono. Alipofika kwenye "kohozi" aliuliza wingi wake, akaandika "makohozi", akapiga mstari chini yake mara mbili. Hatukumweleza kwa nini tuliliweka la kwanza.

Vitabu havikosekani. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, na taasisi hiyo hiyo ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Wala si kweli kwamba Kiswahili hakijawahi kusema hadharani juu ya mambo haya. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana, na mazungumzo yao makubwa yalikuwa juu ya maji, mbu na vyoo. Kisha walikwenda wakachimba vyoo hivyo. Taifa zima liliongea habari za choo na hakuna aliyetukanwa. Ila kamusi hukupa neno, haikupi ujasiri wa kulitamka mbele ya mkaza mwana wa mtu, wala haikuambii kwamba Mrundi atalisikia vingine. Kazi hiyo imeachiwa walimu, na katika mitaala tuliyowahi kufundisha hatukuikuta. Tuliwafundisha wanafunzi sehemu za mwili kuanzia nywele hadi ukucha, tukawafundisha kichwa chauma, tumbo lauma. Kilichotoka ndani ya tumbo hilo tulikiruka.

Tulipomaliza muhula tuliwafundisha pia lile neno la mwanzo, "ashakum si matusi". Hakuna aliyelijua. Walilipenda mara moja, wakalitumia hata pasipohitajika. Mtu akitaka kukopa kiberiti alianza kwa ashakum.

Matibabu ya kifua kikuu huchukua miezi sita. Mzee wetu wa Rutshuru alimeza dawa zake zote, na mjukuu wake pia. Juma alilomaliza alikuja darasani jioni, amenenepa, amevaa koti, akifuatana na mkaza mwana wake, ambaye alikwenda kukaa benchi la nyuma pamoja na mtoto. Tulimpa kiti mbele. Alikataa kukaa. Alisimama, akatutazama sisi, akalitazama darasa, akasema kwa taratibu "ashakum si matusi". Kisha akavuta pumzi ndefu mara mbili kama alivyofundishwa, na mara ya tatu akakohoa kutoka chini ya kifua, kikohozi kikavu kitupu, akatuonyesha kiganja chake.

"Makohozi, Mwalimu," alisema, "hakuna tena."